Haya Maji Yanakwenda Wapi? Hotuba Kuhusu Safari ya Nchi Kavu Kutoka Dar es Salaam Hadi Kigoma

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi mliofika, wakubwa zangu wote, shikamooni. Vijana, hamjambo?

Mlinipa mada ya safari, mkaniachia nichague safari yenyewe. Nimechagua ile ya kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma kwa njia ndefu: Morogoro, Iringa, Mbeya, Tunduma, Sumbawanga, Mpanda, Uvinza, ndipo Kigoma. Ni zaidi ya kilomita 1,600. Anayeitaka Kigoma kwa haraka hupita Dodoma na Tabora, au hupanda ndege. Sisi wawili tulizunguka kwa makusudi, mwezi wa Juni, tukitembea mchana tu. Jua likianza kuzama tumeshapata pa kulala.

Nasema sisi wawili, na huyo wa pili ndiye aliyeifanya safari ikawa na maana. Ni dereva mstaafu wa malori ya masafa marefu. Tulikaa dawati moja shule ya msingi. Mimi nikaenda kusomea ualimu wa jiografia, yeye akaanza utingo, akapanda taratibu mpaka akakabidhiwa usukani, na maisha yake ya kazi yote yakapita kati ya bandari ya Dar es Salaam na migodi ya shaba ya Zambia na Kongo. Mimi namwita Suka, yeye ananiita Mwalimu. Kila tulipofika kwenye daraja alipunguza mwendo, akatazama maji, au mchanga pale ambapo maji yamekwisha, akauliza: "Mwalimu, haya yanakwenda wapi?"

Barabara ile anaijua kona kwa kona. Maji hakuwahi kupata nafasi ya kuyafuata, maana mzigo una tarehe ya kufika na tajiri anapiga simu. Akaamua kwamba safari hii, isiyo na mzigo wala tajiri, atauliza. Nami nawaambia, vijana, swali hilo moja linatosha kuifanya nchi nzima isomeke. Nchi yetu tunaijua sana kwa majina. Kijana wa kidato cha nne atakutajia mikoa yote bila kukwama, lakini muulize pwani inaishia wapi na bara linaanzia wapi, atatafuta jibu kwenye daftari. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku mwaka 2023, wengi wetu tunapanda jioni pale Mbezi, tunafunga pazia, tunaamka Mbeya. Ni nafuu kwa mfanyabiashara, sipingi. Kwa mwanafunzi ni hasara kubwa, kwa sababu usiku huo mmoja amepitishwa katika mabadiliko ya ardhi ambayo watu wa nchi nyingine hulipa fedha nyingi kuja kuyaona, na yeye alikuwa amelala.

Daraja letu kubwa la kwanza lilikuwa la Ruvu, ukishaipita Mlandizi. Suka akauliza swali lake. Nikamjibu kwamba yanakwenda baharini karibu na Bagamoyo, ila yote hayafiki, kwa sababu sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Dar es Salaam huchotwa mto huu huu kwa mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini. Na yanatoka wapi? Nikamwambia avute subira. Tulipoikaribia Morogoro, mashamba ya mkonge yakiwa pembeni na milima ya Uluguru imesimama mbele yetu kwa bluu yake, kilele kimefungwa mawingu ingawa huku chini palikuwa pakavu, nikamwonyesha: pale. Mawingu ya bahari yanagonga mlima ule, mvua inanyesha, Ruvu inazaliwa. Mkulima anayefyeka msitu kule juu na mama anayefungua bomba Kimara wako kwenye jambo moja, na hawajawahi kuonana.

Mikumi tuliipita kwa adabu. Barabara kuu inapita ndani ya hifadhi kwa takriban kilomita 50, na mabango yanatangaza faini kwa atakayegonga mnyama. Tuliona swala wengi, twiga kadhaa, na nyani waliozoea kutupiwa vyakula na wasafiri, jambo ambalo naomba sana muwakataze wenzenu, kwa sababu linawaleta nyani barabarani, na barabarani ndipo wanapokufa. Maji ya uwanda ule hukusanywa na mto Mkata, yakaenda Wami, yakaenda bahari ile ile.

Baada ya Mikumi barabara inapinda kwenye milima, kisha inateremka, na ghafla umeingia nchi ya mibuyu. Hapa naomba nisimame kidogo. Mwezi wa Juni mibuyu imeshaanza kupukutika, matawi yako wazi, shina ni la rangi ya kijivu inayong'aa, na inafunika miteremko pande zote mbili kwa maelfu. Joto linapanda ndani ya dakika chache. Kando ya barabara unaona mto mpana, wa kahawia, wenye mawe: huo ni Ruaha Mkuu. Suka amepita hapo miaka yake yote, na kwake Ruaha Mbuyuni ilikuwa mahali pa kupoza injini na kununua vitunguu.

Vitunguu vya hapo vinamwagiliwa kwa maji ya bonde lile. Tulisimama kwenye vibanda. Suka hakununua hovyo. Alishika kitunguu kimoja kimoja, akabonyeza shingoni kwa kidole gumba. Shingo ikiwa laini, alinieleza, kitunguu hakijakauka vizuri, kikifika Dar kitakuwa kimeanza kuoza kwa ndani hata kama ganda linang'aa. Binti muuzaji alipoona ameshajua mnunuzi wa aina gani anaye, akaenda nyuma ya kibanda akaleta gunia lingine. Nimefundisha kilimo cha umwagiliaji miaka mingi, na kidole gumba kile kilikuwa somo jipya kwangu. Safari na rafiki anayejua usichokijua ina faida ya namna hiyo: kila mmoja anabeba nusu ya kitabu.

Kisha Kitonga. Barabara inapanda ukuta wa mlima kwa kona kali, bonde likiwa upande mmoja na mwamba upande wa pili, na malori yanapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Hapo Suka alinyamaza, akaniachia mimi usukani, naye akatazama wenzake. Alinionyesha utingo anayetembea nyuma ya lori akiwa ameshika kabari ya mti, tayari kuisukuma chini ya tairi endapo gari litarudi nyuma. Alinionyesha matawi mabichi yaliyotandazwa barabarani kabla ya kona, ndiyo lugha ya madereva: mbele kuna gari limekufa. Na wale wanaoshuka, akasema, lazima waingize gia nzito kabla mteremko haujaanza. Anayesubiri mpaka katikati ndipo aikanyage bireki, bireki zitapata moto, zitaacha kushika, na hapo hakuna chuo kitakachomsaidia. Harufu ya bireki zilizoungua tuliinusa kabla ya kuona lori lenyewe. Wapo aliowafahamu ambao hawakufika chini salama. Tulipofika juu, Ilula, pembeni ya barabara kukawa na ndoo za nyanya, hewa ikawa ya baridi, na mibuyu ikawa imetoweka kabisa. Ni mwendo mfupi, na umehama kutoka nchi moja kwenda nyingine bila kuonyesha pasi ya kusafiria.

Kabla ya mji wa Iringa kuna Lugalo. Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe wa Mkwawa walikivizia hapo kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski, wakakishinda, na Zelewski mwenyewe akauawa. Kuna mnara. Basi halisimami hapo. Sisi tulisimama, tukatazama vilima vile vyenye mawe na vichaka, na mara moja unaelewa kwa nini vita vile vilikwenda vilivyokwenda: mtu anayeijua ardhi alimngoja mtu asiyeijua. Kalenga, ngome ya Mkwawa, ilianguka miaka mitatu baadaye, 1894, mwenyewe akaendelea kupigana msituni mpaka alipojiua mwaka 1898 asikamatwe. Fuvu lake lilirudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, na liko kwenye makumbusho ya Kalenga, si mbali na mji. Vijana, nendeni mkalione. Siwezi kuwaeleza hapa hisia zake.

Mafinga ni misonobari ya shamba la miti la Sao Hill, mistari iliyonyooka, harufu ya mbao, malori ya magogo. Tuliipita. Makambako tulilala, na yeyote aliyelala Makambako mwezi wa Juni anakumbuka upepo wake. Hapo ndipo barabara ya Njombe na Songea inapochepuka, na hapo ndipo reli ya TAZARA inapokutana na barabara kuu baada ya kupanda kutoka Kilombero.

Sasa nimefika kwenye jambo lililonifanya nikubali kusimama mbele yenu. Ukitoka Makambako kuelekea Mbeya, barabara inateremka mpaka Igawa, na mbele yako linafunguka bonde la Usangu, tambarare mpaka macho yanachoka. Kushoto umesindikizwa na safu ya Kipengere. Kulia ni uwanda wa mpunga na malisho. Na barabara inakata mito mmoja baada ya mwingine, yote ikitoka kushoto kwenda kulia: Mbarali, Kimani, Chimala, na Ruaha yenyewe ikiwa bado changa.

Suka aliuliza swali lake kwenye daraja la Mbarali, pale Igawa. Nikasimamisha gari. Nikamwambia: "Unaukumbuka ule mto wa vitunguu?" Akasema anaukumbuka. "Ndio huu. Tumeupanda kwa nyuma."

Nilimchorea kwa kijiti kwenye vumbi. Mito hii yote inaingia Ruaha Mkuu. Ruaha inaingia kwenye kinamasi cha Ihefu, inatoka, inapita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ambako tembo, viboko na mamba wanaitegemea, inafika bwawa la Mtera, inashuka pale Ruaha Mbuyuni, inaingia Kidatu. Kidatu ilianza kuzalisha umeme mwaka 1975, na Mtera ikajengwa kuihifadhia maji. Kutoka Kidatu inaingia Rufiji, ambako sasa kuna bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115, kisha delta yenye mikoko, kisha Bahari ya Hindi. Maji yaliyokuwa chini ya miguu yetu pale Igawa yangeweza kumwagilia mpunga, kumnywesha tembo, kustawisha kitunguu, kuwasha taa Kariakoo na kulisha kamba wa Rufiji. Ni maji yale yale.

Yangeweza, nasema, kwa sababu siku hizi hayatoshi. Kuanzia mwaka 1993 Ruaha Mkuu ulianza kukauka kabisa ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi, mto ambao wazee walijua hautindiki. Viboko wakabaki kwenye madimbwi ya tope. Sababu zimebishaniwa sana. Mashamba ya mpunga yameongezeka, na mifereji mingine huendelea kuchukua maji hata wakati shambani hakuna kitu. Mifugo mingi imehamia Usangu kutoka kaskazini kwa miongo kadhaa. Mwaka 2006 wafugaji waliondolewa Ihefu, na mwaka 2008 hifadhi ikapanuliwa kuliingiza bonde hilo, ikafikia kilomita za mraba zaidi ya 20,000. Familia nyingi zilihama kwa uchungu mkubwa.

Suka alisikiliza yote. Kisha akasema mwaka 2006, wakati wa mgawo mkali wa umeme, mdogo wake mwenye karakana ya kuchomelea Tabata alikaa mchana kutwa bila kazi, wakawa wanabishana kijiweni mgawo unatoka wapi. "Hakuna hata mmoja," alisema, "aliyetaja Igawa."

Tulikula chakula cha mchana palepale, kwa mama ntilie mmoja kando ya barabara. Wali wa Mbarali, maharage, mboga za majani. Ulikuwa mtamu, na ulikuwa na harufu ile ya mchele mpya. Nyuma ya kibanda vijana walikuwa wanapura mpunga kwenye turubai, makapi yakiruka na upepo. Nami nawaambia wazi ninachoamini: mtu yeyote anayesema mkulima wa Usangu ndiye adui, au mfugaji ndiye adui, akae kwanza kwenye benchi lile, ale ule wali, kisha aseme. Mkazi wa Dar es Salaam anautaka mchele kwa bei nafuu na umeme usiokatika, vyote kutoka mto mmoja, na hajawahi kuambiwa kwamba anavitaka kutoka mto mmoja. Mkulima anayefunga mfereji baada ya kumwagilia anatufanyia wema ambao hatuuoni. Anastahili mfereji uliojengwa vizuri wenye mlango unaofungika, na sisi wa mjini ndio tunaopaswa kupaza sauti ajengewe, kwa sababu maji anayoyaacha yanakuja kwetu.

Uyole ilikuwa viazi, parachichi na ndizi za Rungwe. Mbeya mji wenyewe tuliutumia kufua nguo na kukagua gari. Ila kijiografia hapa ndipo penye ajabu. Matawi mawili ya Bonde la Ufa yanakutana hapa, na mvua inayonyesha kwenye milima hii inagawanyika pande tatu. Nyingine inashuka Usangu, kama nilivyowaeleza. Nyingine inakwenda Ziwa Nyasa, kisha mto Shire, kisha Zambezi. Nyingine inakwenda Ziwa Rukwa. Kuna hata mito miwili inayoitwa Songwe: mmoja unakwenda Rukwa, mwingine, ule wa mpaka wetu na Malawi, unakwenda Nyasa. Suka alipokatiza Songwe wa kwanza baada ya Mbalizi alidhani ni ule wa mpakani, kama wanavyodhani madereva wengi.

Mbozi tulichepuka kukiona Kimondo. Ni chuma kilichoanguka kutoka angani, kirefu kama mita tatu, uzito wake unakadiriwa kuzidi tani 10, na ubavuni kina alama mahali watu walipokikata kwa msumeno kuchukua kipande cha uchunguzi. Suka alikipapasa pale palipokatwa, akasema aliyekata alipata kazi ngumu. Kahawa ilikuwa inachumwa, vilima vyekundu vya udongo wa rutuba, na mashada ya buni kwenye turubai nyumba hadi nyumba.

Tunduma ilikuwa nyumbani kwake. Foleni ya malori tuliianza kuiona mbali kabla ya mji, na kila baada ya hatua chache kuna mtu anamwita kwa jina la zamani. Walikaa kwenye viti vya plastiki wakapeana habari za waliokufa na waliostaafu. Nilikaa nao nikasikiliza. Vijana wengi hapa hamjui kwa nini barabara hii ipo. Novemba 1965 walowezi wa Kizungu wa Rhodesia, ndiyo Zimbabwe ya leo, walijitangazia uhuru wao, na Zambia, nchi isiyo na bahari, ikajikuta njia yake ya kusini imegeuka kuwa kitanzi. Shaba ikatafuta mlango mwingine, nao ulikuwa Dar es Salaam. Kwanza malori yalipita kwenye vumbi na tope, mafuta yakibebwa kwenye mapipa, ajali juu ya ajali. Likajengwa bomba la mafuta la TAZAMA, likakamilika 1968. Barabara ikawekwa lami. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860, ikajengwa kati ya 1970 na 1975 kwa msaada wa China. Barabara tuliyoipita na mibuyu na vitunguu ilijengwa ili jirani asinyongwe. Wazee wale wa Tunduma wanajua hivyo. Mmoja alimweleza mjukuu wake aliyekuwa amesimama pale, naye mtoto akauliza Rhodesia ni nchi gani.

Kutoka Tunduma tuliiacha njia ya malori, tukashika kaskazini-magharibi kwenda Sumbawanga. Hapa kimya kiliingia ndani ya gari. Miaka yote Suka alifika Tunduma akanyoosha kwenda Zambia; kona hii hakuwahi kuikunja. Barabara ni ya lami nzuri, magari ni machache, na uwanda wa Ufipa unapanda polepole mpaka karibu mita 1,800. Ni vilima vya mviringo, vipara, nyasi za dhahabu, miti michache, anga kubwa. Hapafanani na mahali popote tulipopita.

Kando ya barabara tuliona mashamba yenye vichuguu vya udongo, mviringo, kimoja kimoja, mamia kwa mamia. Suka alidhani ni makaburi. Ni kilimo cha Wafipa. Mvua zikielekea mwisho wanakusanya nyasi, wanazifunika kwa udongo na kuziacha zioze ndani. Juu yake hupandwa maharage, na msimu unaofuata kichuguu kinabomolewa, mbolea inasambazwa, linapandwa zao jingine. Ardhi ya uwanda ule ni dhaifu, na kwa mbinu hiyo watu wameishi juu yake kwa vizazi vingi bila mfuko wa mbolea ya dukani. Mama mmoja tuliyesimama kumsalimia alifukua kidogo pembeni ya kichuguu chake kwa jembe, akatuonyesha nyasi zilivyogeuka nyeusi, zenye unyevunyevu, ilhali udongo wa juu ulikuwa mkavu kama unga. Suka aliushika ule weusi akaunusa. Mama akamwambia, "Baba, huo ndio ugali wa watoto wangu wa mwakani."

Siku iliyofuata tulitoka Sumbawanga kuelekea Muze mpaka ukingoni mwa Lyamba lya Mfipa. Uwanda unakatika hapo. Chini kabisa, ng'ambo ya mteremko, kuna Ziwa Rukwa, jeupe kwa mwanga. Suka akauliza. Nikamwambia: hayaendi popote. Rukwa haina mto unaotoka. Maji yanayoingia hukaa hapo mpaka jua liyachukue, ndiyo maana ziwa hupanuka na kusinyaa kadiri ya miaka ya mvua. Hili lilimgusa kuliko yote. Alikaa juu ya jiwe muda mrefu. Kisha nikamgeuza, nikamwonyesha nyuma yetu, magharibi. Mvua ikinyesha kwenye mgongo wa uwanda huu, ya upande huu inaishia Rukwa. Ya upande ule inakwenda Ziwa Tanganyika, na mto Kalambo, kwa mfano, unafika huko kwa kuruka maporomoko ya zaidi ya mita 200 mpakani na Zambia. Tanganyika ikijaa inamwaga kwa mto Lukuga, unaoingia Lualaba, unaoingia Kongo, unaoishia Bahari ya Atlantiki. "Kwa hiyo," akasema, "asubuhi tulipokunywa chai tulikuwa Atlantiki?" Nikamwambia inategemea upande gani wa mji tulikunywa.

Katavi tulifunga vioo kwa ajili ya mbung'o. Pale Sitalike viboko walikuwa wamejazana kwenye mto Katuma, migongo imegusana, na kiangazi kilikuwa bado hakijafika ukali wake. Mto ule nao unakwenda Rukwa.

Kaskazini ya Mpanda tulikuta vipande vya vumbi, misitu ya miombo, na mizinga ya nyuki juu ya miti. Ukanda huu una makazi makubwa ya Katumba na Mishamo, walikopokelewa Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Mwaka 2014 zaidi ya 162,000 kati yao na watoto wao walipewa uraia wa Tanzania. Tulinunua mihogo ya kuchoma kwa kijana mmoja kando ya njia, aliyezaliwa hapo, na baba yake alizaliwa hapo. Sijui nchi nyingine nyingi zilizofanya jambo la namna hiyo kwa mkupuo mmoja, na nasema kwa fahari.

Uvinza ni chumvi. Chemchemi za maji ya chumvi zipo karibu na Malagarasi, na watu wamekuwa wakiyachemsha hapo kwa zaidi ya miaka 1,000. Zamani chumvi hiyo ilikuwa ikisafirishwa mbali sana kwa miguu. Malagarasi wenyewe ni mto mkubwa, mzito, wenye matete, unaokusanya maji ya sehemu kubwa ya magharibi na kuyafikisha Tanganyika. Suka alipunguza mwendo darajani. Safari hii alijibu mwenyewe, "Atlantiki," akaendelea kuendesha.

Kigoma tulifika mchana. Michikichi, udongo mwekundu, kisha ziwa. Tanganyika ina kina cha mita 1,470 hivi, la pili duniani baada ya Baikal, na ukiwa ufukweni milima ya Kongo unaiona kwa upande wa pili siku hewa ikiwa safi. Tulikula migebuka kwa ugali wa muhogo na mawese. Tulikwenda Ujiji, tukasimama pale Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871, lakini nakiri kwamba nilivutiwa zaidi na wavuvi wa dagaa waliokuwa wanazitengeneza taa zao za usiku usio na mbalamwezi.

Sasa mtaniuliza gharama, na ni swali la haki. Sisi tulikuwa na gari. Safari hii inawezekana kwa mabasi ya mchana, kipande kwa kipande: Dar hadi Iringa, Iringa hadi Mbeya, Mbeya hadi Sumbawanga, Sumbawanga hadi Mpanda, Mpanda hadi Kigoma. Ombeni kiti cha dirishani, upande wa kushoto mkitoka Makambako ili muione Kipengere. Nendeni wawili wawili, na chagueni mwenzenu asiyesomea mnachosomea ninyi: mwanafunzi wa uhandisi aende na wa historia, wa kilimo aende na wa biashara. Walimu wa jiografia mlioko hapa, nawaomba mlete hoja kwenye vikao vyenu kwamba angalau darasa moja kwa mwaka lisimame kwenye daraja la Igawa.

Mwakani Suka nami tunashika kaskazini: Dodoma, uwanda wa Bahi, maziwa ya chumvi ya Singida, Kahama, Biharamulo, Bukoba, mpaka daraja la Kyaka lililovunjwa na majeshi ya Idi Amin mwaka 1978. Chini ya daraja hilo unapita mto Kagera, unaoingia Ziwa Viktoria, unaoingia Naili, unaoishia Mediterania. Hiyo itakuwa bahari ya tatu kutoka nchi moja. Tunaondoka Juni, mvua za masika zikishakwisha. Wenye nia ya kutufuata kwa basi waandikishe majina kwa katibu pale mlangoni, tupange vituo vya kukutana.

Nawashukuru sana kwa kunisikiliza. Niko tayari kwa maswali.